Orkesita ya mutaa imeombwa konseri kule kijijini: tupige nini, na tukae wapi?

Alto wa Kadutu (Bukavu)

Jambo yenu bote. Niko napiga viyolo alto mu orkesita moja ya hapa Bukavu, ni ya batu ba mutaa tu, hakuna mwenye analipwa. Kuko balimu, kuko mama mwenye anauzisha bitenge ku Nyawera, kuko fundi wa moto, kuko banafunzi ba inivesite, na mudakitari moja mwenye anapiga kontrabasi wakati haiko ku zamu. Byombo bya kupuliza karibu byote bilitoka ku fanfari ya kanisa: trompeti, tromboni, saksofoni alto, klarineti mbili na tuba. Nyuzi njo kidogo, viyolo, sisi ba alto tuko babili, chelo mbili na ile kontrabasi. Hatuna obua, hatuna basoni. Repetisyo (mazoezi) tunafanya siku ya posho mu sale ya masomo, na jirani banatuvumilia.

Sasa kuko kijiji kimoja upande wa Katana, batu ba kule batuomba konseri siku ya Mungu kisha misa. Padiri wao alitusikia hapa mujini akasema batu bake nabo bako na haki ya kusikia. Tulifurahi sana, kisha tukaanza kubishana na mpaka leo tunabishana. Bengine banasema tupige paka nyimbo za kanisa na rumba juu batu ba kijiji hawatakaa kusikiliza muziki ya muda murefu hawajui mwanzo hawajui mwisho. Bengine, na mimi niko mu hao, banasema kama tunaacha muziki yenye tulijifunza miezi yote juu eti beko ba kijiji, ni kuwazarau, na ingekuwa bora tubaki nyumbani. Alafu kuko maneno ya fasi: kanisa ni ndogo na manjanja yake haina plafo, mvua ikianguka hakuna kusikia kitu, inje nako kuko jua na upepo. Na feza, moja wetu anataka kiingilio, padiri hajasema kitu.

Mwenye alishafanya konseri ya namna ile kijijini, hata kama haiko orkesita, hata korali ao fanfari, atuambie vile ilienda. Sitaki kupewa moyo tu, nataka namna ya kufanya.

Mwongoza kwaya, Ndosho (Goma)

Ndugu, aksanti kwa kuleta hii. Mimi ninaongoza kwaya hapa Goma na tumeshaenda kuimba sehemu nyingi za ndani, na naona ile ubishi yenu iko na mulango mwingine. Haiko swali la nyimbo wanazozijua ao wasizozijua. Swali ni kama wataona namna kitu kinajengwa. Mutu wa kijijini anajua vizuri sana kusikiliza muda murefu, arusi ya kule inachukua siku nzima na nyimbo zake zina kuitana na kuitikia mpaka usiku. Chenye kitamushinda ni kukaa mbele ya watu makumi mbili na kitu wanaopiga wote pamoja na yeye hajui atazame wapi, sauti gani inatoka kwa chombo gani.

Basi mimi ningeanza na ule wimbo wa furaha wa Beethoven, wa mwisho wa simfonia yake ya 9. Usiseme ni ya kuzoeleka sana, ngoja nikuambie sababu. Simfonia ile ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824, na wengi wetu tunauimba ule wimbo kanisani kwa maneno ya Mungu bila kujua ulitoka wapi. Lakini tazama vile mwenyewe aliupanga: unaanzwa na chelo na kontrabasi peke yao, chini, polepole, hakuna chombo kingine chochote. Kisha alto wanaingia (wewe hapo!), kisha viyolo, na mwisho orkesita nzima pamoja na trompeti. Yaani Beethoven mwenyewe ameshawafanyia kazi ya kutambulisha vyombo. Kila mara kundi jipya linapoingia, wapigaji wake wasimame. Hauna haja ya hotuba. Mama mwenye mutoto mugongoni ataona: ah, ile kubwa njo inatoa ile sauti ya chini, ile ndogo njo inaimba juu. Na wimbo wenyewe unatembea kwa hatua ndogo ndogo, mi mi fa sol, sol fa mi re, hakuna kuruka kukubwa ila pale mwisho wa mustari wa tatu unaposhuka kwenye sol ya chini, kwa hiyo hata asiyewahi kuusikia atakuwa ameanza kuuimba mukipiga mara ya tatu.

Kisha hapo ndipo muweke ile kazi yenu ya muda murefu. Haitakuwa ngumu tena. Moja tu lakini, siyo mbili. Dakika arubaini na tano kwa jumla zinatosha, watu wamekwisha kukaa misa nzima na watoto wana njaa.

Na kitu cha mwisho ambacho kwangu ni cha kwanza: kwaya ya pale iimbe na nyinyi. Isiimbe kabla yenu ati kufungua, iimbe NA nyinyi, wimbo wao, orkesita ikiwasindikiza. Watumie ujumbe mapema mupate wimbo wenyewe.

Fundi wa nyuzi, Ibanda (Bukavu)

Mimi natengeneza gitare na viyolo hapa Ibanda, nitasema paka ju ya byombo juu wenye kuongea muziki mutapata bengi.

Njiani: viyolo isikae nyuma ya gari penye jua, na isiachwe ndani ya gari yenye imefungwa. Gundi ya viyolo za zamani ni ya ngozi na mifupa, joto inailegeza, ubao unafunguka ku pembeni na hapo konseri imekwisha. Kontrabasi ibebwe na batu, isilazwe ku mulango wa nyuma, ifungwe blanketi, hasa penye njia inaharibika. Tena musilegeze nyuzi zote ine kwa mara moja eti juu ya barabara mbaya! Ndani kuko kile kijiti kidogo kati ya ubao wa juu na wa chini, hakina gundi, kinasimama juu ya mukazo wa nyuzi tu. Ukilegeza zote kinaanguka, na kukirudisha inaomba chuma yake ya pekee yenye wengi hawana. Legeza kidogo, basi.

Akordi, njo kusema kulinganisha sauti ya byombo byote: hamuna obua ya kutoa ile noti ya la yenye bote banafuata, kwa hiyo la mutachukua ku klarineti. Klarineti ya si bemol (sauti yake inatoka chini kidogo kuliko noti yenye imeandikwa) ikipiga si yake njo inatoa la ya bote. Lakini angalieni muda. Byombo bya kupuliza vinapanda na joto, nyuzi zinashuka, njo kusema mukifanya akordi asubui na baridi ya Bukavu kisha mukapiga saa sita ku jua, mutasikia aibu. Ni mambo ya hewa: ku joto ya digri 20 sauti inatembea karibu metre 343 kwa segonde, na kila digri moja yenye inaongezeka inaongeza karibu 0.6, kwa hiyo ile hewa yenye iko ndani ya klarineti inatoa sauti ya juu zaidi, na chuma ya nyuzi nayo inapanuka inalegea. Ba klarineti na ba trompeti bapulize kwanza dakika kumi, bavute bomba kidogo, ba nyuzi bakuwe mu kivuli, kisha njo mufanye akordi pale pale penye mutapigia. Na murudilie katikati ya programu, batu hawatachukia, banapenda kuona.

Kama bifungulio vya viyolo (bile bya kukaza nyuzi) vinateleza, pakeni chaki ya ubao wa masomo. Kama vinakwama, sabuni kavu kidogo. Hiyo dawa mutaipata ku kijiji chochote chenye kiko na masomo.

Inje ao ndani? Mimi nasema inje lakini na ukuta nyuma. Inje bila ukuta sauti inaenda tu, kila mara mutu anaongeza umbali mara mbili sauti inapungua desibeli 6, mwenye kukaa nyuma ataona mikono ya ba viyolo inatembea na hatasikia kitu. Mutafute ukuta wa masomo ao wa kanisa, wa matofali, nyuzi zikae mbele, trompeti na tromboni nyuma kabisa na bageuze midomo ya byombo kidogo pembeni. Tia shitingi juu ya nyuzi kwa jua. Na karatasi mufunge na pensi za kuanikia nguo, upepo wa lac hauombi ruhusa.

Papa wa Katuba (Lubumbashi)

Jambo bandugu ba Bukavu. Miye niko Lubumbashi, nilikomalia mu korali, na nasoma hii maneno na furaha mingi.

Ile kikundi yenye inasema batu ba kijiji hawataelewa, bawaambie historia. Huku kwetu kulikuwa Joseph Kiwele, mutoto wa Katanga, mupiga ogani na mutunzi, njo mwenye alitunga Messe Katangaise, tena njo alitunga La Katangaise, wimbo wa taifa wa Katanga wakati ilijitenga, na akakuwa minisita wa masomo wa Katanga, akakufa mu 1961. Na kulikuwa Les Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, korali ya batoto banaume yenye mumonaki Anschaire Lamoral aliianzisha hapa. Kule Kamina nako, padiri Guido Haazen na batoto na balimu ba masomo balifanya ile Missa Luba, misa ya Kilatini mu sauti za kwetu, mu 1958 bakaenda kuiimba mpaka Ubelgiji ku Maonyesho ya Bruxelles. Wale batoto balitoka wapi? Ku Kamina, hapa hapa mu inchi yetu. Muziki ya kupangwa, ya sauti ine, ya Kilatini, batu ba inchi hii balishaishika mukononi zamani na balitia ngoma yao ndani. Kwa hiyo usiende kule na woga eti unapeleka kitu cha mugeni. Unaendelesha.

Na ba Kinshasa munabajua, Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Armand Diangienda alikuwa pilote wa ndege, mujukuu wa Simon Kimbangu, mwenye alianzisha kanisa ya Kimbanguiste, kazi ya ndege ikaisha, mu 1994 akaanza orkesita na batu wenye hawajawahi kushika viyolo. Viyolo zilikuwa chache, moja anapiga mwingine anangoja zamu, na uzi ukikatika balitia waya ya freni ya kinga (baiskeli). Leo banapiga Beethoven nzima na korali yao. Beko ba mutaa kama nyinyi, beko na kazi zao za muchana.

Miye naunga mukono yaya wa Goma, kwaya ya pale iimbe na nyinyi. Naongeza: mutafute mzee mwenye anapiga chombo cha pale. Kila fasi kuko moja.

Mwalimu wa sekondari, Kabare

Nimezaliwa upande huo wa Kabare na ninafundisha huko, nitasema kama mtu wa upande wa wasikilizaji.

Kwanza muongee na chefu wa kijiji, siyo padiri peke yake. Kama ni padiri tu, watakuja wakatoliki, na wale wa CEPAC (kanisa la Kipentekoste) na wengine watabaki kwao wakiona ni jambo la parokia. Chefu akitangaza, ni konseri ya kijiji. Na afadhali ifanyike kwenye kiwanja cha shule kuliko mulangoni mwa kanisa, kwa sababu hiyo hiyo.

Pili, saa. Misa inamalizika karibu saa ine na nusu, anzeni saa tano, musicheleweshe. Mvua ya huku kuanzia Septemba mpaka Mei inapenda kuja mchana, kisha saa sita imepita hakuna anayeweza kuahidi. Na nyinyi pia mutataka kufika Bukavu kabla ya giza, barabara mnaijua. Kama mnaweza kungoja Juni ao Julai ingekuwa bora zaidi, vumbi tu njo itawasumbua.

Tatu, watoto. Watakuwa wengi kuliko munavyofikiri na watakaa chini mbele kabisa, karibu na miguu ya wapiga chelo. Musiwafukuze! Mukiwafukuza mama zao wataondoka nao. Wekeni kamba ya migomba chini, muwaambie hii ni mpaka, wataiheshimu. Kisha konseri, waacheni washike. Kwangu hiyo saa ya kushika ina uzito kuliko konseri yenyewe. Mutoto ambaye amevuta uta wa chelo mara moja na akasikia tumbo lake linatetemeka hatasahau, na mwalimu kama mimi anaweza kuitumia mwaka mzima, katika hesabu (nusu ya uzi inatoa sauti ile ile ya juu), katika fizikia, katika imla. Waelezeni tu wasishike nywele za uta kwa vidole, mafuta ya mkono yanaua kolofani, ile utomvu mukavu wa kupaka nywele za uta.

Kuhusu mzee wa chombo cha pale, baba wa Katuba amesema kweli. Kwetu Bushi, inchi ya Bashi, kuna lulanga, ubao uliochimbwa wenye nyuzi zilizovutwa juu yake, mzee anapiga na kuimba habari za watu, sifa, masikitiko, mambo ya wami wa zamani. Wapigaji wamepungua na vijana wanaona ni mambo ya bibi zao. Orkesita ikitoka mujini na ikakaa kimya kumusikiliza mzee wa lulanga, wale vijana watamutazama upya. Ninaomba sana mufanye hivyo. Lakini mukumbuke nyuzi zake hazifuati la yenu ya kulinganishia. Musimulazimishe abadilishe. Apige peke yake kwanza, kisha chelo na viyolo wajipange kwa sauti yake, wamufuate kwa vidole bila uta, na wenye kupuliza wapumzike, maana klarineti haiwezi kuhamahama hivyo.

Mama trezorié (Bukavu)

Naona bote banaongea muziki hakuna mwenye anaongea mafuta. Mimi ni trezorié (mwenye kuchunga feza) wa kwaya yetu na najua. Gari ya kwenda na kurudi, chakula cha batu makumi mbili na kitu, nyuzi zenye zitakatika, nani analipa? Kiingilio hata kidogo, hata 500 FC, inafanya mutu aheshimu chenye anaenda kuona. Cha bure kinazarauliwa.

Mwalimu wa sekondari, Kabare

Mama, heshima zako. Lakini katika kiwanja kisicho na ukuta utaweka mulango wapi? Na familia ya watu nane italipa mara nane? Atakuja baba peke yake. Huku mtu akialika anatoa chakula, hiyo muachie kijiji, mutapewa bugali na maharagi na labda sambaza kama kuna waliotoka kuvua, na kukataa itakuwa tusi. Gari ndiyo mutafute kwingine.

Mwongoza kwaya, Ndosho (Goma)

Ninamuelewa mama, gari hailipwi na makofi. Ila kuna njia ya zamani. Handel alipopiga Messiah mara ya kwanza, Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, feza ya siku ile ilienda kwa hospitali na kwa kutoa watu waliofungwa juu ya madeni. Watu walikuwa wengi mpaka waliombwa mbele, wanaume waje bila panga zao na wamama bila zile duara za chini ya robe, ili fasi itoshe. Watu walitoa kwa sababu walijua feza inaenda wapi.

Kwa hiyo fanyeni konseri mbili. Ile ya Bukavu iwe ya kulipa, mbele, programu ile ile, na mutangaze wazi kwamba tiketi zinalipa safari ya kijijini. Watu wa muji wengi wana mama zao kule. Watalipa. Na kule kijijini iwe bure, kama kuna kikapu kiwe cha maternite ya pale, na kihesabiwe mbele ya watu na chefu, musikiguse.

Mama trezorié (Bukavu)

Hiyo ya konseri mbili nakubali. Lakini mwenye anahesabu akuwe mama wa pale, asikuwe chefu.

Alto wa Kadutu (Bukavu)

Aksanti bote, nimesomea bandugu majibu yenu ku repetisyo ya jana na kelele ilipungua. Mambo ya chelo kuanza peke yao, ba chelo betu bameanza kutembea kifua mbele tangu jana. Konseri mbili, iko sawa. Kiwanja cha masomo, iko sawa.

Sasa kuko kitu kimoja kinatuzuia. Tuliomba kwaya ya pale batutumie wimbo yao, batutuma foto ya kitabu, iko mu solfa, d r m f s l, hakuna mistari mitano. Ba trompeti betu banasoma mistari, ba kwaya banasoma solfa. Na tulijaribu na moja wao mwenye alikuya Bukavu, kila mara alisema do, chelo banapiga do yao, na yee alikuwa mu ton (kimo cha sauti) ingine kabisa. Tutoke namna gani?

Mwongoza kwaya, Ndosho (Goma)

Hii ninaijua kama jina langu, na ni rahisi kuliko inavyoonekana. Ile solfa ya herufi ililetwa na wamisionari, ni kazi ya John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, aliyeiendeleza kutoka kwa mama moja mwalimu, Sarah Glover. Humo do inahama. Do ni nyumba ya wimbo, popote pale. Kwenu nyinyi mulijifunza solfeji ya Kifaransa, do haihami, ni sauti moja tu. Kwa hiyo kabla ya kuanza repetisyo ya pamoja, mwongozaji aseme mara moja kwa sauti: do ya kwaya leo ni fa ya orkesita. Na wote waandike juu ya karatasi. Imekwisha.

Kwa nini fa? Sababu kwaya inaweza kuimba popote, kwao ni sawa, kwa hiyo muchague ton kwa ajili ya vyombo. Nyuzi wanaoanza wanapenda re na sol, lakini re hiyo kwa trompeti ya si bemol inakuwa mi, diez (alama za kupandisha noti) ine, mutasikia mateso. Fa inakuwa sol kwa trompeti na klarineti, diez moja tu. Saksofoni alto anapata re, diez mbili, hajambo. Nyuzi wanapata bemol (alama ya kushusha noti) moja, watanung'unika wiki moja. Angalieni tu soprano ya kwaya isipande kupita mi ao fa ya juu, wamama wa kijijini wanaimba kwa nguvu ya kifua na siyo haki kuwapeleka mbali. Ikipanda, teremsheni wimbo wote mi bemol: trompeti anapata fa, saksofoni anapata do, wao watashukuru, nyuzi watalia bemol tatu.

Mwenye kompyuta kati yenu aandike sauti zote ine katika MuseScore, ni programu ya bure, inahamisha ton kwa kila chombo yenyewe. Na muziki ya zamani kama Beethoven na Handel munaipata bure ku IMSLP, maktaba ya muziki ku Internet, partisyo (karatasi za noti) za kila chombo, teremusha usiku wakati megabaiti ni rahisi.

Papa wa Katuba (Lubumbashi)

Na wale ba chelo bakianza peke yao bakumbuke kupiga polepole SANA na laini, hata kama batoto banaongea. Musiongeze sauti ju ya kushindana nabo. Batoto njo batanyamaza.

Fundi wa nyuzi, Ibanda (Bukavu)

Alto, pitisha kontrabasi kwangu mbele ya safari niangalie ule mugongo wake, niliuona ku konseri ya Pasaka, kuko mustari wenye sikuupenda. Sitaomba feza, unipe fasi mu gari.

Alto wa Kadutu (Bukavu)

Fasi iko. Nitaileta siku ya tatu kisha kazi.

Mwalimu wa Kabare, yule mzee wa lulanga, kama unamujua moja upande wa Katana ao hata mbali kidogo, tutatuma pikipiki kumuchukua na kumurudisha. Muulize kwanza kama atakubali, na kama kuko kitu kinaombwa kumupelekea, kasiksi (pombe ya ndizi) ao kingine, utuambie, tusifike mikono mitupu.

Mwalimu wa sekondari, Kabare

Ninamujua moja. Nitaenda kwake siku ya Mungu. Kasiksi ndiyo, na nyuzi mpya kama fundi anazo za kufaa, kwa sababu mara ya mwisho alipiga na mbili zikikosa.

Fundi wa nyuzi, Ibanda (Bukavu)

Nipimie urefu wa ule ubao, na uniambie kama anatumia nyuzi za mushipa wa ngombe ao za nailo. Nitatayarisha seti nzima.